Kidude Kinachoimba Kwenye Korola ya Kina Mama

Rafiki yangu, wewe uliyerithi kile kiti cha kushoto, kiti cha mwalimu wa udereva, nakuandikia kama mtu wangu wa ndani, maana watu ninaoweza kuwaachia ile Korola nikapata usingizi ni wachache. Nimesikia mnataka kukata waya wa kidude kinachoimba. Mnasema kinawaaibisha njiani na wanafunzi wanacheka. Sawa. Ila koleo liwekeni chini kwanza, mnisikilize.

Mie nimestaafu kabla ya umri wa watu kustaafu. Goti la kushoto limegoma. Daktari aliniuliza nakaaje kazini, nikamwonyesha: mguu umevutwa nyuma chini ya kiti, goti limekunjwa, kutwa. Akatikisa kichwa. Goti nalo lina spea zake, ila Ilala hawauzi. Silalamiki. Ule mkao niliuchagua mwenyewe, na sababu ya kuuchagua ndiyo habari yenyewe.

Kabla ya udereva nilikuwaga nauza vitumbua nje ya geti la shule yetu ya udereva, huku Temeke. Asubuhi vitumbua, jioni darasani, nasoma masomo ya jioni pamoja na wasichana wanaoniita mama. Mzee Kambi, mwalimu wa zamani kuliko wote pale shuleni, alikuwa mteja wangu. Siku moja akanisikia namsema kijana wa bodaboda aliyekuwa anaondoka na gia kubwa, pikipiki inakohoa.

"Wewe hilo umelijuaje?" akaniuliza.

"Nasikia tu, Mzee. Injini inalalamika."

Akamaliza kitumbua chake, akajifuta vidole. "Basi masikio unayo, bado miguu. Kesho njoo ukae ndani ya gari."

Kesho yake nikakaa ndani. Gari haikuwashwa. Mzee aliniambia nivue viatu, nikavua. Akaniambia nikanyage klachi na kuachia, nikanyage na kuachia, mpaka unyayo ujue pedeli inaanza kuwa nzito wapi. Halafu akaweka viganja vyake pamoja, kama mtu anayeomba radhi.

"Klachi ni hivi. Viganja vikishikana, nguvu ya injini inafika kwenye tairi. Vikiachana, haifiki. Sasa visugue vyako."

Nikavisugua.

"Vikoje?"

"Vimepata moto."

"Ndiyo kuungua kwenyewe huko. Pale katikati ni pa kupita, mwanangu. Si pa kukaa."

Vitabu nilivyosoma baadaye vilieleza pleti, presha pleti na rilizi, ile beringi inayosukumwa ukikanyaga pedeli. Vilieleza vizuri. Ila mie mpaka leo nikifikiria klachi naviona viganja vya Mzee.

Nilipopata cheti cha kufundisha, nikapewa darasa la kina mama. Korola ikawa na zamu mbili. Asubuhi ni yangu na kina mama, baada ya Adhuhuri ni ya Mzee Kambi na wanaume. Walikuja wanawake kutoka Msasani mpaka Ukonga. Wengi waume zao au kaka zao walikubali kwa sababu moja tu, kwamba mwalimu ni mwanamke na ndani ya gari hamna mwanaume.

Niliyojifunza kwao hayamo kwenye kitabu. Pindo la baibui libanwe na pini juu ya kifundo, kwa sababu likiingia chini ya pedeli, klachi haifiki chini na gia inakwaruza. Visigino virefu vikae kwenye mkoba. Na kuachia klachi hakufundishiki kwa kusema "taratibu", kila mtu ana taratibu yake. Nikawaambia: kanyaga mpaka chini, weka gia namba moja, halafu achia huku unasema Bismillahi Rahmani Rahim kwa utulivu, kama unamfundisha mtoto. Ukimaliza, mguu uwe umefika pale gari inapotetemeka kidogo. Hapo mafuta kidogo, malizia kuachia, mguu uhamie kwenye kapeti, ukae huko. Wakristo nao walikuwa na yao, "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe", inatosha vizuri tu. Dada mmoja wa Ukonga alitaka amalize sala nzima. Nikamwambia, dada, ukifika kwenye mkate wetu wa kila siku klachi imeshaungua.

Mwanafunzi aliyenitoa jasho alikuwa Bi Thuwaiba. Alikuwa mjane, mwenye duka Keko, ukoo wao wa Kiarabu wa siku nyingi hapa mjini. Marehemu mumewe alimwachia duka na pikapu ya manyuo, ya gia za mkono, ya kusambazia unga na mafuta. Madereva wa kuajiri walikuwa wanamchagulia siku za kuja. Shemeji zake walimwambia wazi: jifunze kuiendesha, au pikapu tuiuze na duka tulisimamie sie. Na wakaongeza, mwanaume kwenye gari ya kujifunzia, hapana.

Bismillahi yake ilikuwa ya dukani, ile ya kufungulia gunia. Gari ikaruka, ikazima.

"Bi Thuwaiba, unamkimbiza nani?"

"Mwalimu, mie hata kuolewa nilikubali haraka."

Tulicheka, tukawasha tena. Baada ya muda akatulia. Alijifunza kilima cha Mtoni, kwamba pale unasimama kwa handibreki, si kwa kuishikilia gari na klachi. Kuna watu wanaona raha gari ikining'inia pale, haiendi wala hairudi, wanajiona mafundi. Ile harufu unayoisikia nyuma yao si ya dampo, ni ya klachi. Alijifunza foleni, kwamba usisogee kila mwenzio anaposogea kidogo. Subiri nafasi iwe ya maana, ndiyo uende mara moja. Wanaopiga honi nyuma waache, klachi hawatakununulia. Na kupima nilimfundisha: vuta handibreki, weka gia ya tatu, achia klachi na mafuta kidogo. Gari ikizima, klachi nzima. Ikiendelea kunguruma kama haijasikia, umechelewa.

Siku moja Korola tuliipima hivyo, ikaendelea kunguruma.

Haikuwa mara ya kwanza. Korola ilikuwa inamaliza klachi wakati gari nyingine za shule zinakaa nazo. Bosi wetu, mtu wa Njombe, si mtu wa kelele. Aliniita pembeni.

"Mama Rukia, mie sina ubaya na kina mama. Lakini kila mtu pale uwanjani anajua hii ndiyo gari ya kina mama, na ndiyo inayokula klachi kama karanga. Nafunga nyingine. Nayo ikifa kabla ya mfungo, darasa nalifunga. Wataenda na walimu wa kiume, au wabaki nyumbani."

"Na Bi Thuwaiba mtihani wake ni karibu na mfungo, bosi."

"Basi mwombee klachi."

Sikubishana. Nilikuwa nawajua wanafunzi wangu, miguu yao ilikuwa kwenye kapeti, ila kujua kwangu hakukuwa ushahidi. Niliipeleka gari mwenyewe kwa Fundi Side, gereji yake iko Keko nyuma ya maseremala, spana zake zote zina vumbi la mbao. Nikamwambia leo sikuachii gari, nataka nione klachi ikitoka.

Akashusha gia boksi, akaitoa pleti, akaigeuza kwenye mwanga.

"Sista, njoo uone. Mwanafunzi anaua klachi kwa moto. Pleti inaungua, chuma kinaweka madoa ya bluu, imechubuka huku na huku. Hapa hayo yako wapi?"

Hayakuwepo. Ilikuwa imelika sawasawa, kama sabuni.

"Hii imeliwa polepole. Na rilizi sikia." Akaizungusha, ikalia kama mlango wa choo. "Kuna mtu anatembea na mguu juu ya pedeli. Hakanyagi, anaupumzisha tu. Klachi inakuwa haijashika, haijaachia."

"Wanafunzi wangu hawawekagi mguu pale."

"Sijasema wanafunzi."

Akazunguka mlango wa kushoto, akainama. Unajua gari zetu zina pedeli upande wa mwalimu pia, klachi na breki. Ya mwalimu ikikanyagwa inavuta ile ya mwanafunzi, ila ya mwanafunzi haiigusi ya mwalimu. Mpira wa pedeli ya klachi ya mwalimu ulikuwa umelika upande mmoja mpaka chuma kinaonekana.

Kiti kile kilikuwa na watu wawili. Mie navua viatu tangu siku ya kwanza, na unyayo mtupu hauli mpira mpaka chuma. Mzee Kambi alikuwa anavaa makubazi yenye soli ya tairi, kiangazi na masika. Fundi Side naye aliyajua yale makubazi. Akajifanya anatafuta spana.

Habari ya Mzee tuliijua wote. Kabla mie sijafika pale shuleni, mwanafunzi wake alizimisha gari katikati ya reli huku Yombo, na treni imeshapiga honi. Walitoka, watu wakasukuma gari, hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo mguu wake wa kushoto ulikuwa unangoja mwanafunzi mwingine azimishe gari. Hadithi ilikuwa inasimuliwa uwanjani kila mara. Hakuna aliyeiunganisha na klachi.

Sasa mie nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi na jambo zito. Nikimwambia bosi, darasa linapona, na Mzee anaambiwa apumzike nyumbani kwa heshima zote, huku kijana yeyote pale uwanjani akisema Mzee ndiye aliyekuwa anakula klachi za wanawake. Nikinyamaza, Bi Thuwaiba anarudi kukaa nyuma ya kaunta ambayo si yake tena. Alasiri ikaingia. Niliswali palepale gereji, juu ya boksi la friji, nikaomba njia ambayo haitamwaibisha mtu aliyenishika mkono.

Nilipotoa salamu, Kanta, lori dogo la kubebea sofa, ilikuwa inarudi nyuma kwa maseremala. Ilikuwa na kile kidude cha kuonya watu, kinachoimba wimbo mmoja bila kupumua.

"Side, kile kinafungwaje?"

"Kwenye swichi tu. Ukiweka gia ya nyuma kinaamka."

"Kifunge kwenye pedeli ya mwalimu. Ikiguswa tu, kiimbe."

"Sista, utawatoa watu roho."

"Kifunge."

Bosi nilimwambia kwamba kidude kitaonyesha ni lini mwalimu amesaidia na ni lini mwanafunzi ameendesha mwenyewe. Hilo lilikuwa kweli tupu. Bosi alipenda. Kilikuwa cha zamani, Fundi Side alikuwa nacho kwenye ndoo ya makorokoro.

Asubuhi ya kwanza kiliniimbia mie, nilipomsaidia mama mmoja kukata kona. Bi Thuwaiba alikuwa kiti cha nyuma. "Mwalimu, muuza aiskrimu kaingilia wapi?"

Adhuhuri nikamkabidhi Mzee ufunguo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi kafunga kitu. Pedeli yetu ikiguswa, kinaimba. Mie kimeshaniimbia asubuhi."

"Vizuri," akasema, akapanda na mwanafunzi wake.

Gari ikaondoka inaimba. Ikafika kona ya kwanza inaimba, ikanyoosha inaimba. Wanaume waliokaa ukutani wakingoja zamu wakaanza. "Mzee, ya embe ipo?" "Mzee, simamisha basi, watoto wanalia." Ikazunguka uwanja mzima, kidude hakikunyamaza hata kwenye sehemu iliyonyooka ambapo hakuna wa kusaidiwa. Mwisho gari ikasimama. Mwanafunzi akashuka. Mzee akabaki ndani.

Nikaenda dirishani.

"Kimeharibika," akasema.

"Inawezekana, Mzee. Inua mguu tuone."

Akainua. Kikanyamaza. Akaurudisha, kwa wepesi, kama mtu anayeweka kikombe kwenye kisosi. Kikaimba. Akainua tena.

"Huu mguu mie nilidhani uko chini."

Akanigeukia.

"Mama Rukia, umenifunga kengele kama mbuzi."

"Nimejifunga na mie, baba. Kiti ni kimoja."

Akainama akautazama ule mpira uliolika. "Kwa hiyo zile klachi za kina mama."

"Sijasema kitu kwa mtu, Mzee."

"Najua. Ungesema, wangeniletea barua. Wewe umeniletea wimbo."

Akashuka, akavuka uwanja kwenda ofisini. Hakuniambia nimfuate. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na sauti ya Mzee Kambi imezoea kufundisha mbele ya injini.

"Bosi, darasa la kina mama usiliguse. Klachi nimekula mie."

Bosi akajibu: "Mzee, unanitania."

"Njoo ukae nyuma, uusikie muziki."

Bosi akaenda akakaa nyuma. Waliporudi, bosi alikuwa anacheka na kufuta macho, Mzee hacheki. Bosi alisema klachi ikifika mfungo ikiwa hai, habari imekwisha, na Mzee aendelee na kiti chake.

Wale waliokuwa wanauliza aiskrimu waliambiwa na Mzee mwenyewe, hapohapo ukutani, "Mguu wa kushoto ukizeeka unakuwa na mawazo yake. Wa kwenu uzeesheni vizuri."

Kesho yake aliniomba nimfundishe mkao. Nilimwonyesha kuuvuta mguu mpaka chini ya kiti, ili ukitaka kurukia pedeli uwe na safari. Na mie nikaukaa mkao huohuo, nisije nikamfundisha mtu mzima jambo nisilolifanya. Hapo ndipo goti langu lilipoanzia. Alivua makubazi, akawa anafundisha peku kama sie. Mwanzoni kidude kilikuwa kinaimba beti nzima, halafu kikawa kinaimba neno moja moja, halafu ukawa unapita uwanjani unasikia injini tu.

Mfungo ukakaribia, klachi ikawa hai. Bi Thuwaiba akafanya mtihani. Trafiki alikaa kiti cha kushoto, mie nyuma, na kilima cha Mtoni kiliamriwa kama nilivyojua kitaamriwa. Alisimama katikati ya kilima, akavuta handibreki. Lori likaja likasimama nyuma yetu, karibu kuliko inavyotakiwa. Nikaona midomo yake inacheza.

"Unasema nini, mama?" trafiki akauliza.

"Naachia klachi, afande."

Bismillahi aliisema yote, kwa utulivu, mpaka mwisho. Gari ikatetemeka, handibreki ikashuka, tukapanda. Lori hata halikusogelewa. Kidude hakikulia tangu tumetoka uwanjani mpaka tumerudi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema alisaidiwa. Pikapu bado anaiendesha mwenyewe. Shemeji yake mkubwa akitaka lifti anakaa mbele, na anaambiwa afunge mkanda.

Darasa la kina mama ndilo hilo ulilolikuta. Mzee Kambi alifundisha mpaka alipostaafu, na baadaye akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Ila kuna jambo moja ambalo wewe hukuliona. Mzee akifika pale relini Yombo, kidude kilikuwa kinaimba. Gari ikikaribia reli kinaanza, tairi za nyuma zikishavuka kinanyamaza. Kila siku, mpaka siku yake ya mwisho kazini. Mzee hakulizungumzia, na sie hatukumwambia. Klachi haifi kwa reli moja.

Siku yangu ya mwisho nilitoka na binti mmoja mwenye mtoto mchanga nyumbani, haraka zake zote ziko usoni. Tukafika relini. Alipunguza vizuri, akaangalia kushoto na kulia, akaweka gia ndogo, akaanza kuvuka. Kidude kikaimba. Akashtuka.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Endesha tu. Hapo si wewe, ni mguu wangu mie."

Kwa hiyo waya uache, rafiki yangu. Mguu ukae chini ya kiti, na goti likianza kuuma kamwone daktari mapema kuliko mie. Na siku utakapomkabidhi mwingine ile Korola, mpe ufunguo na habari hii pamoja, kwa mdomo au mpe karatasi yenyewe, naye ampe atakayefuata. Wajue klachi za kina mama ziliponaje. Na wakisikia kinaimba pale relini, wasimcheke mwenye mguu.